Mashine Inapopata Joto: Santuri Iitwayo Phaedra

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Muziki tunaousikia kila siku matatuni na redioni umejaa sauti ambazo hazikutoka kwenye gita, ngoma wala zumari, bali kwenye mashine iitwayo sinthesaiza. Wengi wetu twaisikia, lakini ni wachache wanaojua inavyofanya kazi. Katika makala haya nitaieleza mashine hiyo kupitia santuri moja tu, Phaedra, iliyotolewa na kundi la Wajerumani la Tangerine Dream mwezi wa Februari mwaka wa 1974. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndani yake mna fizikia tele. Pili, imezua ubishi mkali katika chama chetu cha Kiswahili: je, huu ni muziki ama ni kelele za kiwandani?

Kundi hili lilianzishwa na Edgar Froese huko Berlin Magharibi mwaka wa 1967. Walipoirekodi Phaedra walikuwa watatu: Froese, Christopher Franke na Peter Baumann. Mwishoni mwa mwaka wa 1973 walikwenda Uingereza wakaingia katika studio ya The Manor, jumba la kale lililokuwa kijijini karibu na Oxford. Studio hiyo ilikuwa ya kampuni ya Virgin, ambayo wakati huo ilikuwa changa. Santuri ina vipande vinne. Kipande cha kwanza, ambacho ndicho kilichoipa jina lake, kinachukua upande mzima, yaani zaidi ya dakika 17. Hakuna mwimbaji wala kiitikio. Kuna mdundo mzito unaojirudiarudia chini kwa chini, na juu yake sauti kama za upepo, mvuke na ndege wa mbali. Ingawa haikuwa na wimbo wa kuimbika, ilipanda hadi nambari 15 katika orodha ya santuri zilizouzwa sana Uingereza.

Sasa hebu tuingie ndani ya mashine yenyewe. Sinthesaiza ya analogi, kama zile walizotumia, haina sauti iliyohifadhiwa ndani yake. Ina umeme tu. Sehemu ya kwanza ni osileta. Kazi yake ni kupandisha na kushusha umeme mara nyingi kwa kila sekunde. Umeme huo ukipelekwa kwenye spika, spika hutikisika vivyo hivyo, hewa nayo ikatikisika, nasi tukasikia noti. Mitikisiko 110 kwa sekunde ni noti nzito. Mitikisiko 440 ni noti nyembamba zaidi.

Sehemu ya pili ni chujio. Kama vile chujio la chai linavyozuia majani na kupitisha chai, hili huzuia sauti nyembamba na kupitisha zile nzito. Likifungwa, sauti husikika kama ya mtu anayezungumza ndani ya blanketi. Likifunguliwa polepole, sauti hiyo hutoka ikang'aa. Sehemu ya tatu ni kikuza sauti, ambacho huamua kama noti itaanza ghafla kama nyundo ama itachomoza taratibu kama jua.

Jambo la ajabu ni kwamba sehemu hizi zote huongozwa kwa volti. Mhandisi Mmarekani, Robert Moog, alianza kuunda sinthesaiza za namna hii mwaka wa 1964, na kanuni yake ilikuwa rahisi: ukiongeza volti moja, mitikisiko huongezeka maradufu. Ikiwa noti yako ina mitikisiko 110, ongeza volti moja upate 220, ongeza nyingine upate 440. Kwa hivyo anayeweza kuzipanga volti anaweza kupanga wimbo.

Franke alikuwa na Moog kubwa, yenye vibao vingi vilivyounganishwa kwa nyaya. Ukitaka kubadilisha sauti, unachomoa waya hapa na kuuchomeka pale. Pamoja nayo kulikuwa na sikwensa, kifaa chenye hatua nane. Kila hatua huwekewa volti yake kwa kuzungusha kitufe. Kifaa huzipitia hatua hizo moja baada ya nyingine, na kikifika mwisho kinarudi mwanzo bila kuchoka. Huo ndio mdundo unaosikika katika Phaedra. Franke hakuwa akibonyeza kila noti kwa kidole. Alikuwa akiiongoza mashine kwa vitufe huku ikiendelea kupiga.

Hapo ndipo joto linapoingia. Kati ya noti na ile yenye mitikisiko maradufu kuna hatua ndogo 12. Basi gawanya volti moja kwa 12. Utapata takriban volti 0.083, na kiasi hicho kidogo chatosha kuihamisha noti mahali pake. Ndani ya osileta mna transista, na transista hubadilika tabia inapopata joto, hata ikawa ni kana kwamba mtu ameongeza ama amepunguza volti. Kipande hicho cha kwanza kilitokana na majaribio studioni; hakikuandikwa kwanza katika karatasi. Mashine zilivyoendelea kupata joto, baadhi ya osileta zikaanza kuhama. Ukisikiza kwa makini, hasa kuelekea mwisho, utazisikia noti zikiteleza na muziki ukigeuka. Mwingine angeufuta ukanda akaanza upya. Wao waliuacha.

Wenzangu wa upande wa upinzani hunicheka hapo. Wanasema, "Eti sasa jenereta ya shule ikikohoa tuipigie makofi?" Swali lao si la kudharau. Mwaka wa 1976 ilianzishwa London kampuni iliyoitwa Industrial Records, na kutokana nayo muziki wa viwandani ukapata jina. Huko Sheffield, mji wa viwanda vya chuma, kundi la Cabaret Voltaire nalo lilikuwa likitumia sinthesaiza na kanda kutengeneza sauti ambazo wengi waliziita makelele. Baadaye Mwingereza Brian Eno akatoa santuri aliyoiita ya ambienti, yaani muziki unaokaa chumbani kama mwanga ama hewa. Phaedra ilitangulia majina yote mawili, lakini mna mashine na mna utulivu ndani yake.

Mimi jibu langu nililipata kwa baba. Yeye ni mwendeshaji wa mashine za kufuma katika kiwanda cha nguo, na mara nyingi hufanya zamu ya usiku. Siku moja nilimwekea kipande hiki kwenye simu, nikitarajia aniambie nizime. Akasikiza kimya, kisha kabla sijamweleza lolote kuhusu joto akasema, "Hiyo mashine imeshika moto. Mashine ya saa moja jioni si mashine ya saa tisa usiku, mwanangu. Mimi huijua kwa sikio." Nilifurahi sana. Lakini akasogeza simu upande wa kulia, kwa sababu sikio lake la kushoto limeanza kuwa zito. Miaka mingi ya kiwanda imelila.

Tangu hapo siwezi kusema ati kila sauti ya mashine ni muziki. Mashine ya baba na mashine ya Franke zote hupata joto, na zote hubadilika sauti. Tofauti ni kwamba Franke alikuwa na kitufe. Angeweza kupunguza sauti, kurekebisha noti, ama kuzima kabisa na kwenda kulala. Aliposikia noti zikihama, aliamua nini cha kufanya nazo, na wenzake wakaamua kuziacha tuzisikie. Baba hana kitufe hicho. Kwake sauti ile haikomi mpaka zamu iishe. Kwa maoni yangu, kelele ni sauti uliyolazimishwa, na muziki ni sauti ambayo mtu ameisikiza kwanza, akaichagua, halafu akakupa nawe nafasi ya kuichagua.

Kwa hivyo, mwanafunzi mwenzangu, ukiipata santuri hii usiiweke ukiwa unafanya hesabu za ziada. Keti, weka sauti ya wastani, kwa kuwa masikio hayana spea, na uufuate ule mdundo wa chini tu. Subiri mpaka uanze kuhama. Kisha uje tubishane katika mkutano wa chama. Na kwa wale ambao wazazi wao hufanya kazi penye mashine, waulizeni kama wamepewa vizuia-kelele vya masikioni. Mimi nilimuuliza baba. Alisema atavidai.