Valvu ya Kudhibiti Mkondo katika Redio za Kale: Kazi Yake na Namna ya Kuibadili

Redio ya valvu iliyotengenezwa miaka ya 1930 haifi kwa urahisi. Mara nyingine kinachoinyamazisha ni kifaa kimoja tu ambacho viwanda viliacha kukitengeneza zamani, nacho ni valvu ya kudhibiti mkondo. Makala haya yanaeleza kazi ya valvu hiyo, namna ya kupata mbadala wake, na hatari zilizomo, ili katibu wa chama au mwanachama aliyehifadhi redio ya namna hii asiitupe bure, wala asiikabidhi kwa mtu atakayeiunguza.

Kazi yake

Kila valvu ina uzi mwembamba ambao lazima upate moto ndipo valvu ifanye kazi. Katika redio nyingi za bei nafuu za Marekani za miaka hiyo hapakuwa na transfoma. Nyuzi za valvu zote ziliunganishwa kwa mfululizo, kama shanga katika uzi mmoja, hata mkondo uleule ukapita katika zote. Kwa njia hiyo redio iliweza kutumia mkondo geu au mkondo mnyoofu.

Uchukuliwe mfano wa redio yenye valvu 6A7, 6D6, 75, 43 na 25Z5. Tatu za kwanza huhitaji volti 6.3 kila moja, na mbili za mwisho volti 25 kila moja. Jumla ni volti 68.9, na mkondo ni ampea 0.3. Iwapo umeme wa ukutani ni volti 117, zinabaki volti 48.1 zisizo na kazi. Zikiachwa ziingie katika valvu, nyuzi zitakatika. Kazi ya valvu ya kudhibiti mkondo ni kuzimeza volti hizo za ziada na kuzigeuza kuwa joto.

Aina mbili

Valvu hizi si za namna moja. Nyingi za Kimarekani, ijapokuwa zina umbo la valvu, ndani yake mna waya wa ukinzani tu. Aina ya pili, iliyotumika sana Ulaya, ina waya wa chuma ndani ya chupa yenye gesi ya haidrojeni. Chuma kikizidi kupata moto, ukinzani wake huongezeka kwa kasi. Hivyo volti zikipanda au kushuka, mkondo hubaki karibu palepale. Valvu ya Philips C1, kwa mfano, hushika mkondo wa ampea 0.2 huku volti zake zikibadilika kati ya 80 na 200.

Valvu nyingi za Kimarekani huandikwa kwa alama zinazosomeka. Katika K49B, herufi ya kwanza hutaja aina ya taa ndogo ya kuangazia namba za redio. Tarakimu 49 ni volti zinazomezwa. Na herufi ya mwisho huonyesha mpangilio wa miguu. Hata hivyo, si viwanda vyote vilivyofuata utaratibu huo, kwa hiyo mchoro wa redio yenyewe ndio wa kuaminiwa.

Kupima kabla ya kununua

Kwa kuwa nyuzi zimefuatana, mmoja ukikatika zote huzimika. Redio isiyowaka si ushahidi kwamba valvu ya kudhibiti ndiyo iliyoharibika. Fundi achomoe waya wa umeme, atoe valvu moja moja, na kupima uzi wa kila moja kwa mita. Wengi wamenunua kifaa adimu kwa fedha nyingi, kumbe kilichokatika kilikuwa uzi wa valvu ya kawaida.

Njia tatu za kubadili

Njia ya kwanza ni kikinza cha waya. Volti 48.1 zikigawanywa kwa ampea 0.3 hupatikana omu 160, na joto lake ni wati 14.4. Kikinza kiwe cha wati 30 hivi, kikae mbali na mbao na nyaya, penye hewa. Ikiwa taa ndogo ni ya volti 6.3 na ampea 0.15, kikinza kigawanywe sehemu mbili: omu 139, kisha omu 42, na taa iunganishwe sambamba na sehemu hiyo ya pili.

Njia ya pili ni dayodi. Dayodi hupitisha nusu tu ya kila wimbi la mkondo geu, hivyo volti 117 huwa na nguvu ya kupasha moto sawa na volti 82.7. Baada ya hapo kikinza cha omu 46 chatosha, na joto hushuka hadi wati 4 hivi. Lakini dayodi ikiharibika na kupitisha mkondo wote, nyuzi zitazidiwa; fyuzi ni lazima.

Njia ya tatu ni kapasita, ambayo karibu haitoi joto. Kwa mfano huohuo huhitajika mikrofaradi 8.4 katika umeme wa mizunguko 60, au 10.1 katika mizunguko 50. Iwe kapasita iliyotengenezwa kwa mkondo geu, kama zile za mota, na iwekewe kikinza cha kuiondolea umeme redio inapozimwa. Njia mbili hizi za mwisho hazifai kwa mkondo mnyoofu.

Penye valvu ya haidrojeni, kikinza kitaendesha redio, lakini hakitailinda volti zinapopanda. Mahali ambapo umeme hauna utulivu, ni busara kuweka kidhibiti cha volti kabla ya redio.

Hatari

Katika redio zisizo na transfoma, fremu ya chuma yaweza kuwa na umeme wa ukutani moja kwa moja. Vifundo vikikosekana, au skrubu za nyuma zikiguswa, mtu aweza kufa. Fundi atumie transfoma yenye nyuzi mbili zilizotengana. Redio ya volti 117 ikiletwa Tanzania au Kenya, kwenye umeme wa volti 230 au 240, huhitaji transfoma ya kushusha kwa vyovyote vile, na yenye nyuzi mbili hufanya kazi zote mbili.

Redio nyingine zina ukinzani ndani ya waya wa umeme wenyewe. Waya huo huwa na joto. Usikatwe kwa kufupishwa, maana volti zitazidi. Baadhi yake una asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu.

Baada ya kazi, thamani ya kikinza au kapasita, aina ya taa na volti za redio ziandikwe katika karatasi na kubandikwa ndani ya sanduku. Fundi atakayefuata hatalazimika kukisia, na mwenye redio hatalipia uchunguzi uleule mara mbili.