Tokeo la Ziwa: Ajabu Iliyofichika ya Tanganyika na Istilahi Zake

Mgeni afikapo Kigoma huonyeshwa stesheni ya reli iliyojengwa na Wajerumani, na akipelekwa Ujiji huonyeshwa mahali pa kumbukumbu ya kukutana kwa Livingstone na Stanley mwaka 1871. Ajabu iliyo kubwa kuliko hizo haonyeshwi, kwani haionekani kutoka upande huu wa maji. Ajabu hiyo ni njia ambayo maji ya Ziwa Tanganyika hutokea. Katika makala hii tunakusudia kuieleza njia hiyo, na kuonyesha kuwa maneno tuyatumiayo kuitaja bado hayajatulia. Jambo hili lamhusu mfasiri na mwalimu, na hasa lamhusu mtumishi wa serikali awaandikiaye wakazi wa Rusimbi na wa kata nyingine za Kigoma-Ujiji.

Mto unaoziba na kuzibuka

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake hufikia mita 1,470. Kwa kina, ni la pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Mito mingi huingia humo, mikubwa ikiwa ni Malagarasi upande wa Tanzania na Ruzizi utokao Ziwa Kivu. Lakini mto utokao ni mmoja tu, nao ni Lukuga, uanziao Kalemie katika Kongo, mji ambao zamani uliitwa Albertville. Lukuga huyapeleka maji kwenye mto Lualaba, yakafuata mto Kongo hadi Bahari ya Atlantiki.

Wasafiri wa karne ya 19 walisumbuka sana kuujua ukweli huo. Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, wakaondoka bila kuona kwa macho yao iwapo Ruzizi huingia ziwani au hutoka. Mwaka 1867 Livingstone alifika kwenye ncha ya kusini, ambako wenyeji waliliita ziwa Liemba, na kwa kuwa jina lilikuwa jingine hakuwa na hakika kwamba lilikuwa ziwa lile lile la Ujiji. Mwaka 1871 yeye na Stanley walikwenda kaskazini wakaona kuwa Ruzizi huingia. Mwaka 1874 Cameron aliikuta Lukuga, mimea imeujaza mto na maji yakisogea kwa unyonge kuelekea magharibi. Stanley alipofika hapo mwaka 1876 alikuta maji karibu yamesimama, naye hakukubali kuwa mto huo ulikuwa ukitoa maji ya ziwa wakati ule. Lakini mwaka 1879 Hore, na baada yake Thomson, waliuona ukienda kwa nguvu.

Ni nani aliyekosea? Kila mmoja alieleza alichokiona, na mto wenyewe ndio uliobadilika. Maji mengi ya ziwa hili hupotea kwa mvukizo, na ni sehemu ndogo tu ipitayo Lukuga. Mvua zikipungua kwa miaka mingi, usawa wa ziwa hushuka na mkondo wa Lukuga hudhoofika. Hapo tope, mchanga na mimea hujikusanya mwanzoni mwa mto hata njia ikaziba. Mvua zirudipo, maji hayana pa kutokea, nayo hupanda mwaka hadi mwaka mpaka yavunje kizuizi hicho. Kizuizi kikivunjika, mto huchimba njia yake na ziwa hushuka. Baada ya Lukuga kuzibuka katika miaka ya 1870, usawa wa ziwa ulishuka kwa takriban mita 10 katika miaka iliyofuata. Ndiyo sababu ufuko wa Ujiji wa leo sio ule walioujua watu wa misafara.

Maneno ya bahari katika ziwa

Kiswahili kilifika Ujiji pamoja na misafara kutoka mrima, nacho kilikuja na msamiati wa bahari. Maneno mengi yalifaa bila taabu: mtumbwi, tanga, wavu, mawimbi. Mengine yaliingia ziwani yakiwa na maana zisizolingana na maji haya, na hapo ndipo penye matatizo.

La kwanza ni neno kujaa. Kwa mtu wa pwani, maji hujaa na kupwa kila siku, naye hungoja saa chache tu. Ziwa Tanganyika halina kujaa na kupwa kwa namna hiyo. Lina kupanda kwa majira, ambako kwa kawaida hakuzidi mita 1, maji yakiwa juu mwishoni mwa masika na chini kabla ya mvua mpya. Tena lina kupanda kwa miaka mingi, kama kule kulikofuata mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mambo haya mawili yasiitwe kwa neno moja.

La pili ni neno mdomo. Mdomo wa mto ni pale mto uishiapo, unapomwaga maji yake. Mdomo wa Malagarasi uko ziwani. Je, mdomo wa Lukuga uko wapi? Kwa maana hiyo uko Lualaba, mbali na ziwa. Hata hivyo mtu atazamaye ramani huelekea kuandika kuwa mdomo wa Lukuga uko Kalemie, na msomaji wake ataelewa kwamba Lukuga huingia ziwani. Neno chanzo nalo halitoshi, kwani hulitaja jambo kwa upande wa mto tu, wala halisemi kuwa hapo ndipo ziwa linapotolea maji yake.

La tatu ni neno mafuriko. Mafuriko ni maji yafurikayo kwa ghafla na kuondoka baada ya muda. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya ziwa yaliingia katika nyumba, barabara na mialo, si Kigoma tu bali pia Bujumbura, Uvira na Kalemie. Tukichukua mfano wa tangazo lisemalo, "Wananchi wahame kwa muda kutokana na mafuriko," msomaji atafunga virago vya siku chache. Tangazo lisemalo, "Usawa wa ziwa umepanda, na huenda usishuke kwa miaka kadhaa," litamfanya atafute kiwanja kingine. Tofauti ya istilahi hapa ni tofauti ya uamuzi wa mtu juu ya nyumba yake.

Istilahi zinazopendekezwa

Kwa kuzingatia hayo, tunapendekeza matumizi yafuatayo:

Tokeo la ziwa: mahali maji ya ziwa yanapotokea na kuanza mto. Baadhi ya wasomaji watasema kuwa tokeo limekwisha kupewa maana ya jambo litokanalo na jingine. Ni kweli, lakini maana hiyo imezoeleka zaidi katika wingi, matokeo, na asili ya neno ni kitenzi kutokea, ambacho chaeleza jambo hili barabara.

Mto wa kulisha ziwa: mto uingizao maji ziwani, mathalani Malagarasi na Ruzizi.

Mdomo wa mto: pale mto unapoishia, basi. Lisitumiwe kwa tokeo.

Usawa wa ziwa: kimo cha uso wa maji kikipimwa kutoka usawa wa bahari. Lisichanganywe na kina, ambacho ni umbali kutoka uso wa maji hadi sakafu ya ziwa.

Kupanda kwa majira na kupanda kwa miaka: namna mbili za kuongezeka kwa maji zilizoelezwa hapo juu.

Mwambao, ufuko na mwalo: mwambao ni nchi yote ipakanayo na ziwa, ufuko ni ukanda wa mchanga uguswao na mawimbi, mwalo ni mahali pa kuegesha vyombo na kushushia samaki. Neno pwani liachiwe bahari.

Ziwa hili ni la nchi nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Nchi hizo zilitia sahihi mkataba wa pamoja wa hifadhi yake Dar es Salaam mwaka 2003. Kiswahili husemwa Kigoma, na husemwa vilevile Kalemie na Uvira. Kwa hiyo istilahi itakayokubaliwa hapa haina budi ieleweke na mvuvi wa ng'ambo ya pili, ambaye tokeo la ziwa liko kwake. Walimu na watumishi walioko mwambaoni wanaombwa kuyapima mapendekezo haya kwa kuyalinganisha na usemi wa wavuvi wa kwao, na kutuletea maneno yaliyo bora kuliko haya.