Shamba Ndilo Chuo cha Msanii

Ipo dhana iliyokita katika vichwa vya baadhi yetu kwamba sanaa huzaliwa mjini, penye taa, kumbi na mitambo ya kurekodia, na kwamba kazi ya shamba ni kuleta muhogo na karafuu tu. Dhana hiyo si sahihi. Tukiitazama historia ya visiwa vyetu tutaona kwamba mji umekuwa soko la sanaa, lakini kiwanda chake ni konde, pwani na kivuli cha mkarafuu.

Tuanze na Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kusini ya mji wa Zanzibar, katika jamaa ya wafinyanzi. Kabla ya sauti yake kuingia katika santuri alizokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, alikuwa akibeba vyungu na kuvitembeza, akiinadi biashara yake kwa kuimba. Skuli hakuiona. Chuo chake kilikuwa udongo wa Fumba na njia ya kwendea mjini. Na alipokuwa bingwa wa taarabu, aliwaimbia watu kwa Kiswahili chao, juu ya dhiki na dhuluma walizozijua wenyewe.

Wala si ajabu, kwani kazi ya ardhi ina lugha yake. Mchumaji wa karafuu hana budi aijue siku ya kuchuma, maana tumba likishafunguka thamani yake imepungua. Na alijue tawi litakalomhimili na lile litakalokatika. Jioni wakubwa na wadogo hukaa pamoja kuchambua, karafuu upande na makonyo upande, na katika ukaaji huo ndimo hadithi na vitendawili hurithishwa. Kukicha karafuu huanikwa majamvini, na wingu likitanda nyumba nzima hukimbia kuanua. Aliyeyaishi hayo hahitaji kufundishwa maana ya hofu ya kupoteza jasho lake.

Kusini Unguja, akina mama huyafukia makumbi ya nazi pwani kwa miezi kadhaa, kisha huyafukua, huyaponda na kusokota kamba. Wazee wa Makunduchi wamerithi hesabu ya mwaka wa jua, wenye miongo ya siku kumi kumi, hesabu iliyowaongoza wakulima na wavuvi. Na mwaka huo hufunguliwa kwa Mwaka Kogwa. Mshairi atafute wapi hazina kubwa kuliko hiyo?

Waandishi wetu nao wamechota humo humo. Adam Shafi, katika riwaya yake Kasri ya Mwinyi Fuad iliyotoka mwaka 1978, hakuieleza dhuluma ya ubwanyenye kwa hotuba. Aliiweka shambani, baina ya mwenye ardhi na wanaomtumikia. Mzee aliyepata eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964 anaielewa hadithi hiyo bila ya mkalimani.

Wenzetu wa kisiwa cha Ukerewe, katika Ziwa Victoria, wametupa funzo jengine. Mwaka 1945 Aniceti Kitereza alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyojaa kilimo, uvuvi, dawa na adabu za ndoa, ili vizazi vijavyo visisahau. Mswada ukakosa mchapishaji. Ilimbidi autafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Mwaka uliofuata mwandishi akafariki. Tujiulize: ni wazee wangapi katika vijiji vyetu wenye miaka 35 ya kungoja?

Hapa ndipo penye hatari. Fumba ile ile ya Siti leo inajengwa mji mpya, na mwambao wa mashariki ya Unguja umejaa mahoteli. Sisi hatuyapingi maendeleo. Watoto wetu wanahitaji kazi na nyumba. Tunalosema ni kwamba konde linapopimwa viwanja, halipotei konde peke yake. Hupotea na jina lake, na majina ya miti na ndege wake, na nyimbo zilizoimbwa wakati wa kulilima. Kamusi la Kiswahili Fasaha, lililotolewa na BAKIZA mwaka 2010, limehifadhi maneno mengi; lakini hakuna kamusi iwezayo kuhifadhi neno ambalo hapana aliyekwenda kuliuliza.

Kwa hiyo tunawaambia viongozi wa wilaya na masheha: vikundi vya ngoma visikumbukwe siku ya kupokea wageni tu, vikachezeshwa juani na kisha kusahauliwa. Maofisa wa utamaduni wafike mashamba na vinasa sauti vyao kabla ya wapima ardhi, si baada yao. Walimu wawatume wanafunzi kwa bibi na babu zao, na daftari mkononi. Na vijana wanaotaka kuandika waende wakashike jembe walau msimu mmoja. Mchagua jembe si mkulima, na mwenye kuliangalia konde kutoka dirisha la gari hawezi kuwa mwandishi wake.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Mkarafuu ukianguka huoteshwa mwengine, na baada ya miaka huzaa. Mzee akizikwa na nyimbo zake hapana kitalu cha kumwotesha. Shime, ndugu wananchi na viongozi, kazi hii tuianze sasa, wakati tunaowauliza wangali wanaweza kutujibu.