Kutoka Mghange Hadi Tokyo: Njia ya Teke ni Ndefu

Wapo wasomaji watakaoshangaa kuona ukurasa huu, uliozoea mashairi, ngoma na maulidi, leo ukizungumza habari za mateke. Wasishangae. Sisi watu wa pwani tumeijua sanaa ya kupigana kwa adabu tangu zamani. Aliyewahi kuwako Lamu siku za Maulidi, au katika harusi ya watu wenye kujiweza, ameuona mchezo wa kirumbizi: zumari inalia, ngoma zinaitikia, watu wawili wanaingia uwanjani na bakora zao, wanazungukana, huyu anapiga na mwenziwe anakinga. Ghadhabu ikiingia, mchezo umeharibika na wazee hawana budi kusimama kati. Taekwondo ya Wakorea ni jamaa wa mbali wa kirumbizi, ila wao wameiweka bakora kando wakachukua mguu. Hata jina lake ni maneno matatu: tae ni mguu, kwon ni ngumi, na do ni njia.

Hilo la tatu ndilo lililonitia kalamu mkononi. Nilikuwa Mghange, kule juu katika milima ya Dawida, nimekwenda kumzuru shemeji yangu. Baridi ya kule si ya kuchezewa na mtu aliyezaliwa karibu na bahari. Jioni moja nikamwona kijana mmoja nyuma ya nyumba, hana viatu, anamfundisha mdogo wake teke la kuzunguka. Teke lilikuwa zuri kwa hakika. Kiuno kilitangulia na mguu ukafuata, kama inavyotakiwa. Nilipomsifu, akaniuliza: "Mzee, mtu wa hapa akitaka kwenda kushindana ng'ambo, anapitia wapi?" Nilimjibu kwa kadiri nilivyojua, lakini jibu lenyewe ni refu kuliko mazungumzo ya uani, na nadhani wako vijana wengi, Taita, Mombasa, Malindi na kwingineko, wanaoulizana swali hilohilo.

Basi tuifuate njia yenyewe. Mtu wa Mghange huteremka milima kwa matatu hadi Mwatate, kisha Voi. Hapo Voi, tangu mwaka 2017, kuna kituo cha reli mpya, na treni itampeleka Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Huko ndiko makao ya michezo mingi ya nchi hii yaliko. Kwa hiyo kijana wa Taita huanza safari ya ng'ambo kabla hajaiona ndege. Nauli ya kwenda Nairobi na kurudi, malazi ya siku mbili au tatu, chakula, na pengine akishindwa katika pambano la kwanza hurudi siku ileile mfuko mtupu. Mwenzake aliyezaliwa Nairobi hupanda basi la asubuhi akarudi kulala kwao.

Kabla ya nauli hiyo, kuna jambo moja ambalo vijana wengi hawalijui hata wakafika mbali. Taekwondo ina nyumba mbili kubwa. Moja iliasisiwa mwaka 1966, na nyingine mwaka 1973 mjini Seoul. Hii ya pili ndiyo inayoitwa World Taekwondo siku hizi, nayo ndiyo yenye mlango wa Olimpiki. Zote mbili zina mikanda, zote mbili zina walimu hodari, lakini mtu aliyepata mkanda mweusi katika nyumba ya kwanza hawezi kwenda nao katika mashindano makubwa ya nyumba ya pili, kwa kuwa huko huulizwa cheti cha Kukkiwon, chuo kikuu cha mchezo huu kilichofunguliwa Seoul mwaka 1972. Ni kama mtu aliyekaa chuoni miaka kumi kisha akaambiwa ijaza yake haitambulikani msikiti wa pili. Mzazi amwulize mwalimu swali hili siku ya kwanza, wala asione haya.

Na kwa kuwa nimewataja wazazi, najua wengi wetu huanza na swali jingine: huko kuinama je? Mchezaji humwinamia mwalimu, humwinamia mpinzani, huwainamia waamuzi. Mimi si mufti. Nionavyo, Wakorea huinama kama sisi tunavyopeana mikono, na hakuna anayeabudiwa pale. Lakini ambaye moyo wake haujatulia amwulize shekhe wake kabla mtoto hajavaa ile nguo nyeupe, asingoje mtoto afikie mkanda wa buluu ndipo aje kumtoa darasani kwa kishindo.

Kenya si mgeni katika mchezo huu. Mashindano ya Michezo ya Afrika yalipofanyika Nairobi mwaka 1987, taekwondo iliingizwa kwa mara ya kwanza katika michezo hiyo. Yaani bara zima lilikuja kwetu kupigana mateke, mwaka mmoja kabla ya Olimpiki ya Seoul kuuonyesha mchezo huu bila ya kuuhesabia medali. Medali za Olimpiki zilianza kutolewa Sydney mwaka 2000. Mwaka 2008 Wakenya walikwenda Beijing, miongoni mwao Dickson Wamwiri na Mildred Alango. Kisha akaja Faith Ogallo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii kule Bungoma, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa kikapu kabla ya kuugeukia mchezo huu. Februari 2020 alikwenda Rabat, Morocco, katika mashindano ya Afrika ya kugombania nafasi za Olimpiki, akaipata nafasi yake katika uzani wa wanawake wanaozidi kilo 67. Mara ikaingia korona, Olimpiki ikaahirishwa, naye akangoja kiasi cha miezi 17 hadi Julai 2021 ndipo akapanda uwanjani Tokyo.

Hakurudi na medali. Nataka msomaji apige hesabu kidogo hapa. Pambano la taekwondo kule Tokyo lilikuwa raundi tatu, kila raundi dakika mbili. Dakika sita basi! Kwa ajili ya dakika sita, mtu hujifunza miaka, husafiri mabara matatu, hupunguza mwili ili mizani imkubali, na mwili uliokaushwa kwa uzani na usingizi uliopotea katika ndege ndio unaotakiwa kurusha teke. Watu waliokaa mbele ya televisheni na chai yao husema, "Ah, katolewa!" wakabadilisha kituo.

Lakini yako mambo ambayo televisheni haiyaonyeshi, na mojawapo ni mashine. Zamani waamuzi walihesabu kwa macho. Mwamuzi aliona teke limetua, amesikia mlio wake, akabonyeza. Palikuwa na ugomvi mwingi, na watu wakalalamika kwamba macho ya mwamuzi hutazama bendera kwanza. Kuanzia Olimpiki ya London 2012 kinga ya kifua ikawa na mitambo ya umeme ndani yake, na mchezaji akavaa soksi maalumu zenye vipande vya kuitikiana na mitambo hiyo. Kufika Rio 2016 kofia nazo zikawa hivyohivyo. Soksi ikigusa mahali pake kwa nguvu inayotakiwa, pointi inaandikwa yenyewe. Ngumi ya kifuani pointi moja, teke la kifuani mbili, la kichwani tatu, na ukizunguka kwanza huongezewa mbili.

Hii ni haki, na nimefurahi kwamba imekuja. Ila haki hii ina bei. Vifaa hivyo ni ghali, havitengenezwi hapa, na kilabu cha kijijini chenye watoto thelathini wanaogawana kinga nne za sifongo hakiwezi kuota kuvinunua. Matokeo yake ni kwamba kijana hujifunza mchezo mmoja nyumbani akaenda kushindana mchezo mwingine ng'ambo. Nyumbani amezoea teke zito lenye mlio, lile linalowafanya watu wapige kelele. Kule anakutana na mtu aliyelelewa na mashine tangu utoto, ambaye hainui mguu kwa mbwembwe. Huuweka mguu wa mbele hewani kama mtu anayebisha hodi, anagusa, anagusa tena, na kila akigusa taa inawaka. Kijana wetu anapiga teke la nguvu zake zote, linatua pembeni kidogo ya mtambo, taa haiwaki. Anamgeukia mwalimu wake kwa mshangao, na hapo hapo anaguswa tena. Si kwamba hajui kupigana. Amefika mahali ambapo kugusa kunapimwa kwa kipimo asichopata kukizoea.

Ndiyo maana safari za ng'ambo si anasa wala utalii, kama nilivyowahi kumsikia mkubwa mmoja akisema katika kikao. Mchezaji hupata pointi za daraja la dunia kwa kushiriki mashindano yenye kutambuliwa, na mengi ya hayo hufanyika mbali. Asiyesafiri hana daraja. Asiye na daraja hupangiwa wakali mwanzoni. Akipangiwa wakali hutolewa mapema. Akitolewa mapema huambiwa hastahili nauli ya safari nyingine. Kitanzi hiki hukifungua mwenye fedha.

Na fedha zatoka wapi? Kwanza harambee, ile tunayoijua: mjomba, shangazi, mbunge, msikiti, kanisa, na daftari lenye majina ya walioahidi wasitoe. Pili Serikali, ambayo mwaka 2018 iliweka Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii. Mfuko huo ulipangiwa kupata mapato yake kutoka kodi za kamari na bahati nasibu. Msomaji Mwislamu atakunja uso, na mimi pia niliukunja. Kijana anayefunzwa kuutunza mwili wake hununuliwa tiketi kwa kodi iliyotokana na vijana wenzake wanaoupoteza mshahara wao kwa simu. Sisemi mchezaji ana kosa. Yeye haulizwi fedha zimetoka wapi, huambiwa tu kama zimekuja au hazikuja, na mara nyingi huambiwa siku mbili kabla ya ndege. Lakini matajiri wetu wa pwani wenye mabasi, maduka na mahoteli wangeweza kulisahilisha jambo hili, kwani soksi za umeme na kinga mbili tatu za kilabu kimoja hazizidi gharama ya karamu moja ya harusi niliyohudhuria juzi, ambayo pilau yake nyingi ililiwa na paka.

Binti zetu nao wasisahauliwe. Mwaka 2007 kule Quebec, Kanada, wasichana wa Kiislamu walizuiwa kuingia mashindano ya taekwondo kwa sababu ya hijabu zao. Miaka miwili baadaye shirika la dunia likaruhusu hijabu chini ya kofia ya kinga. Na Rio mwaka 2016, katika uzani wa wanawake wa kilo 57, medali zote mbili za shaba zilichukuliwa na mabinti waliovaa hijabu: Kimia Alizadeh wa Iran na Hedaya Malak wa Misri. (Kimia baadaye aliihama nchi yake, na hiyo ni hadithi nyingine.) Nguo ya mchezo wenyewe ni suruali pana na shati la mikono mirefu. Mara ngapi tumepata mchezo wa Olimpiki usiotutaka tumvue mtoto?

Rio ileile ilitupa mengine. Ahmad Abughaush aliipatia Jordan medali ya kwanza katika historia yake yote ya Olimpiki, tena dhahabu, kwa taekwondo. Abdoul Razak Issoufou wa Niger, nchi ya jangwa isiyo na mali, iliyokuwa haijaona medali tangu bondia wake mmoja alipopata shaba mwaka 1972, alichukua fedha. Nchi hizi hazina viwanja vya kutisha. Mchezo huu unataka sakafu, mwalimu na miguu. Ndio maana maskini wanaupenda.

Kama yuko anayesema Mghange ni mbali, namwelekeza Mahama. Hiyo ni kambi ya wakimbizi mashariki ya Rwanda, karibu na mpaka wa Tanzania. Humo aliishi Parfait Hakizimana, Mrundi. Vita vya kwao vilimwua mama yake angali mtoto, na yeye akabaki na ulemavu wa mkono wa kushoto. Alipoikimbia Burundi mwaka 2015 hakuja na mali, alikuja na taekwondo. Akaanza kuwafundisha watoto wa kambini, na darasa likakua. Mwaka 2021 taekwondo ilipoingia kwa mara ya kwanza katika Olimpiki ya walemavu, kule Tokyo, Hakizimana alikuwamo katika timu ya wakimbizi ya watu sita, akiwa mwanamichezo wa kwanza katika michezo hiyo kutoka moja kwa moja kambini. Hakuwa na nchi ya kumlipia tiketi. Palikuwa na watu waliokaa mezani, wakaandika barua, wakafuata pasi na viza, wakahakikisha vyeti vyake vimefika mapema.

Kazi hiyo ya mezani ndiyo inayokosekana katika vilabu vyetu vingi. Utakuta mwalimu mmoja ndiye mkufunzi, katibu, mweka hazina na dereva. Ningekuwa mzazi wa Mghange, kabla ya kununua hata mkanda wa njano ningetafuta mtu mmoja anayejua kuandika barua na kutunza daftari, mwalimu mstaafu pengine, nikampa faili. La kwanza kuwekwa humo liwe cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kwani madaraja ya umri ni miaka 12 hadi 14, 15 hadi 17, kisha wakubwa, na ofisi za pasipoti za Mombasa hazikubali neno la mama peke yake.