Baiolojia ya Chuo Kikuu: Usianzie kwenye Ada

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, mzazi wa Isongole, Rungwe, huuliza ada kwanza, na kichwani anaigeuza magunia ya viazi. Kwa baiolojia, swali hilo halimsaidii kuchagua. Mlimani Dar es Salaam, Mkwawa Iringa, Sokoine Morogoro: kote ada ya shahada za sayansi inazungukia milioni 1.3 kwa mwaka. Ongeza 20,000 ya TCU na 50,400 ya bima ya afya.

Pesa inaishia kwenye chakula na chumba. Bodi ya Mikopo huvikadiria kwa shilingi 10,000 kwa siku. Miezi minane ya masomo ni milioni 2.4, karibu mara mbili ya ada. Kwa familia inayojilipia, hapo ndipo Mkwawa inapoishinda Mlimani. Ukipanda basi Uyole asubuhi, mchana uko Ipogolo, Iringa, na kiroba cha viazi na maharage kinakufuata bila shida. Dar ni zaidi ya kilomita 800.

Ila Mkwawa ni chuo cha ualimu. Anayetaka zuolojia, botania au mikrobiolojia aangalie Mlimani. Hapa wengi hujikwaa: shahada ya sayansi na ile ya sayansi pamoja na ualimu zote ni miaka mitatu, lakini aliyesoma zuolojia peke yake akitaka baadaye kushika chaki sekondari, atatakiwa kuongeza stashahada ya uzamili ya ualimu. Ni mwaka mwingine na ada nyingine. Kama ajira unayoiona mbele ni ya darasani, chukua ualimu tangu mwanzo.

Kuhusu sifa, kiwango cha chini cha TCU ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, A ikiwa 5 na E ikiwa 1. D mbili za Baiolojia na Kemia zinatosha kwenye karatasi. Nafasi zenyewe hugombewa, na wenye B hupita mbele. S si prinsipo. Aliyesoma CBG asijione mnyonge mbele ya PCB, maana masomo hayo mawili anayo. Mwenye stashahada inayohusiana anahitaji GPA ya 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne.

Chuo Kikuu Huria, chenye kituo Mbeya, kinamfaa aliye kazini tayari. Unalala kwako, lakini mazoezi ya maabara hayafanyiki sebuleni; nauli na malazi ya siku hizo ni juu yako. Kijana wa miaka 19 asiye na kazi nisingempeleka huko.

Mkopo nao una bei: ukiajiriwa, Bodi hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Aliyefaulu sana sayansi aulizie kwanza Samia Scholarship.

Na mafunzo kwa vitendo usiyafanyie Dar kwa kufuata marafiki. Kituo cha utafiti cha TARI Uyole, kinachoshughulika na viazi mviringo, kinafikika kwa daladala kutoka Isongole. Mlima Rungwe uko juu ya mashamba yenu, na ndiko wanasayansi walikomkuta kipunji mwaka 2003, kima ambaye miaka mitatu baadaye alipewa jenasi yake mwenyewe. Omba nafasi mapema, ulale nyumbani.