Vitendawili vya zawadi kwa wachezaji wa telefone: ugomvi unaanzia kwenye jibu

Vijana wanaocheza Free Fire, PUBG Mobile ao eFootball hawaachani mechi ikiisha. Wanabaki kwenye kikundi chao cha WhatsApp, wanataniana, wanatafuta wenzao wa timu, wanabishana nani alimwangusha nani. Siku mtandao ni mzito na mechi hazichezeki, msimamizi wa kikundi anaweza kutangaza: leo jioni kuko vitendawili, mshindi anapata almasi 100. Ni wazo zuri na halikuli pesa nyingi. Kijana mwenye telefone ya bei ya chini, ambaye kila siku anauawa juu ya telefone yake kukwama, anapata nafasi sawa na yule mwenye telefone ya nguvu. Kitendawili hakiulizi telefone ilinunuliwa pesa ngapi.

Lakini jioni kama hiyo inaweza kuisha kwa matusi, na watu wengine wakatoka kabisa kwenye kikundi. Ukichunguza sababu, mara nyingi si swali lililokuwa baya wala zawadi iliyokuwa ndogo. Ni jibu. Nani alilitoa wa kwanza? Nani anaamua kama ni lenyewe? Na nani anajua kama mwenye swali hakugeuza jibu njiani ili rafiki yake ashinde?

Wazee walikuwa na namna yao. Mtu anasema "Kitendawili!", wengine wanajibu "Tega!". Wakishindwa kutegua, anawaambia "Nipe mji", wanamtajia Kisangani ao Kalemie, anasimulia kidogo namna alivyofika huko na kupokelewa, kisha anatoa jibu. Kwa wenye kusema Kinyarwanda ni "Sakwe sakwe!" na wengine wanaitika "Soma!". Zawadi ilikuwa mji wa maneno tu, hakuna aliyelala njaa juu ya kuukosa. Tena wote walikaa mahali pamoja: masikio yalisikia nani alijibu kwanza, na bibi ao babu aliyejua vitendawili vyote aliweza kusema "hata hilo ni sawa" na neno likaisha. Kwenye telefone hakuna masikio ya pamoja, hakuna babu, na zawadi ni kitu cha pesa. Anayeandaa shindano lazima atafute kitu cha kuweka mahali pa hayo yote.

Aanze na swali lenye majibu mawili, maana ndilo linalochoma vikundi. "Nyumba yangu haina mlango." Kila mtoto anajua ni yai. Lakini mtu aliyezika ndugu yake wiki iliyopita atasema kaburi, na hakuna anayeweza kumwambia kwamba kaburi liko na mlango. Vitendawili vya kutunga kwa ajili ya wachezaji viko na hatari hiyo zaidi. Tuseme msimamizi anatunga hiki: "Ninakaa nacho mchezo mzima, kikigeuka chekundu ninakufa bila kupigwa risasi." Yeye alifikiria betri. Nusu ya kikundi itajibu mtandao, sababu kwenye Free Fire ile namba ya mtandao iliyo pembeni ya kioo inageuka nyekundu mtandao ukilemaa, na kila mtu ameshakufa hivyo. Majibu yote mawili ni mazuri. Msimamizi akishikilia betri peke yake, ataonekana mwizi.

Dawa ni kuongeza kamba ya pili kwenye swali: "Kikigeuka chekundu ninakufa bila kupigwa risasi; nikikifunga kamba ukutani kinafufuka." Sasa mtandao umetoka, sababu hakuna anayefufua mtandao kwa waya wa chaja. Kabla ya kutoa kitendawili, kifaa kipewe watu wawili ao watatu ambao hawatashiriki. Wakileta jibu ambalo mwandaaji hakulifikiria, na linasimama, basi ama swali linarekebishwa, ama jibu lile linaandikwa kwenye orodha ya majibu yanayokubaliwa. Orodha hiyo iseme pia kuhusu lugha. Mtu akiandika "œuf" kwa Kifaransa ao "liki" kwa Lingala, amepata ao amekosa? Kwa vikundi vya Congo, ambamo mtu anaanza sentensi kwa Kiswahili na kuimaliza kwa Kifaransa, kukataa jibu juu ya lugha ni kutafuta kelele bure. Na makosa ya tahajia yasamehewe. Huu si mtihani wa serikali.

Jibu likishaandikwa, lifungwe. Hii ndiyo hatua ambayo watu wanairuka, na ndiyo inayozuia maneno ya "ulibadilisha". Mwandaaji anaandika majibu kwenye karatasi, anaitia ndani ya bahasha, anaibandika, watu wawili wanatia sahihi juu ya kifuniko, picha ya bahasha inatumwa kwenye kikundi kabla ya swali la kwanza. Shindano likiisha, bahasha inapasuliwa mbele ya kamera. Wasio na bahasha wanaweza kutuma majibu mapema kwa watu wawili wanaoheshimiwa na kikundi, wasiokuwa marafiki wa karibu. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15 tu, na ukihaririwa unabaki na alama, kwa hiyo jibu lililotumwa saa moja mapema halina njia ya kugeuzwa kimyakimya.

Baada ya hapo inakuja ile sheria ambayo karibu kila msimamizi anaipenda: wa kwanza kujibu ndiye mshindi. Ingefaa kuachwa. Sheria hiyo haipimi akili, inapima mtandao. Mwenye kukaa karibu na antena anashinda mwenye kukaa nyuma ya kilima, hata kama wote wawili walijua jibu kwa sekunde moja. Tena ujumbe wa watu wawili unaweza kuonekana kwa mfuatano tofauti kwenye telefone mbili, kila mmoja akapiga picha ya kioo chake na kusema "Yaya, tazama, mimi ndiye wa kwanza!" Wote wawili wanasema kweli. Na jibu la kwanza sahihi likitokea kwenye kikundi, wengine wote wanalinakili.

Namna yenye amani ni hii: swali linatolewa kwenye kikundi, majibu yanatumwa kwa siri kwa mwamuzi, kila mtu anatuma jibu moja tu, na mlango unafungwa baada ya muda uliotangazwa, tuseme nusu saa ao hata mpaka kesho yake asubuhi kama umeme unakatika-katika. Waliopata wote wanaingia kwenye kura. Majina yanaandikwa kwenye vipande vya karatasi, mtoto wa nyumbani anachomoa kimoja, video inatumwa. Mtu aliyekosa kwenye kura ananung'unika kidogo, lakini hamshitaki mtu.

Muda wenyewe uandikwe vizuri. Congo iko na majira mawili: Kinshasa iko nyuma kwa saa moja ya Goma, Bukavu na Lubumbashi. Kikundi kikiwa na wachezaji wa Kampala ao Nairobi, wao wako mbele kwa saa moja nyingine. Tena "saa mbili" kwa mwenye kuhesabu Kiswahili ni 20h00, lakini aliyezoea hesabu ya Kifaransa anaweza kufikiri ni 14h00. Kuandika "20h00, saa ya Bukavu" kunachukua maneno machache na kunaokoa ugomvi mrefu.

Kuko pia swala la mashine. Kitendawili cha zamani ukikiandika kwenye Google ao ukiuliza programu ya akili bandia, jibu linatoka mara moja. Kwenye telefone nyingi msaidizi wa namna hiyo amekaa ndani ya WhatsApp yenyewe. Kukataza hakuna maana, nani atachunguza? Kinachofaa ni kutunga maswali yanayotaka zaidi ya jibu moja la kunakili. Njia moja ni mnyororo: majibu ya vitendawili vidogo yanatoa herufi zao za kwanza, na herufi hizo zinatengeneza neno moja la mwisho. Kwa mfano, "Popoo mbili zavuka mto" ni macho. "Ni langu, lakini wengine wanalitumia kuliko mimi" ni jina. "Mgeni asiyealikwa, anakula na mfalme bila kunawa" ni inzi. Chukua M, J na I: neno ni MJI, kile ambacho wazee walikuwa wanadai. Mnyororo uko na faida nyingine ambayo haionekani mara moja. Mtu aliyeandika "nzi" anapata MJN, anaona hakuna neno kama hilo, anarudi kujisahihisha mwenyewe bila kumsumbua mwamuzi.

Njia nyingine ni kutunga juu ya mchezo wenyewe. "Hamsini wanaruka, mmoja anabaki amesimama": mchezaji wa Free Fire anacheka, sababu ni mechi yake ya kila jioni, watu 50 wanashuka kwenye kisiwa kimoja. Ama kutunga juu ya mahali. "Mzee ana taa kichwani, hajawahi kununua petroli": mtu wa Goma anasema Nyiragongo kabla swali kuisha, yeye anaujua ule wekundu wa usiku, na hajasahau 2002 wala 2021. Lakini hapo mwandaaji awe na usawa. Kijana wa Lubumbashi hana deni la kuujua moto wa Goma. Apewe na yeye chake: "Mlima mweusi uliojengwa na watu, mvua inaunyeshea, hauoti majani", ile rundo ya takataka za shaba karibu na bomba refu la Gécamines. Wa Uvira apewe cha ziwa. Maswali matatu ya sehemu tatu yanaweza hata kulazimisha watu wa miji mbalimbali kuulizana, na hiyo ndiyo raha yenyewe.

Kuhusu zawadi, nyingi ndogo ni bora kuliko moja kubwa. Zawadi kubwa inaita watu wenye laini tatu kujiandikisha mara tatu. Sheria rahisi ni kwamba anayeshiriki awe alikuwa kwenye kikundi kabla ya tangazo, na waamuzi pamoja na watu wa nyumba yao wasishiriki. Almasi za Free Fire zinaweza kununuliwa kwa namba ya utambulisho ya mchezaji, ile inayoonekana kwenye ukurasa wake, bila neno la siri. Mega za intaneti zinapendwa na wote, hata wasiocheza mchezo huo. Pesa kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money ni sawa, lakini tangazo liseme kama ni franka ao dola, na kama makato ya kutoa yako ndani. Aliyeahidiwa 5.000 akashika chini ya hapo ataona ameibiwa. Na zawadi iwe mkononi kabla ya tangazo, si ahadi ya ndugu fulani atakayetuma mwisho wa mwezi.

Kudai pesa ya kuingia ni jambo lingine kabisa. Siku watu wanalipa ili kujibu, na kura inaamua nani anakula, hiyo imeshakuwa kamari, na ndani ya vikundi hivi kuko watoto wengi.

Hatari kubwa zaidi inakuja baada ya jina la mshindi kutangazwa. Mjanja anachukua picha ya msimamizi, anaiweka kwenye namba yake, anamwandikia mshindi kando: "Hongera mdogo wangu, nitumie ile kodi ya namba sita iliyoingia kwenye telefone yako nikupatie zawadi." Ile kodi ni ufunguo wa WhatsApp yake. Akiituma, telefone yake inaanza kuomba pesa kwa mashangazi na wajomba. Wengine wanaomba neno la siri la akaunti ya mchezo, na kijana anapoteza kazi ya miaka. Wengine wanadai "pesa kidogo ya kupokea zawadi". Kwa hiyo tangazo la kwanza kabisa, kabla hata ya bahasha, liseme wazi: mwandaaji ataomba namba ya utambulisho ya mchezaji ao namba ya telefone ya kupokelea, basi. Hataomba kodi, hataomba neno la siri, hataomba hata franka moja. Mshindi akipigiwa na namba asiyoijua, aulize kwenye kikundi mbele ya wote. Na mwandaaji akituma picha ya ushahidi kwamba zawadi imefika, afunike nusu ya namba ya mshindi.

Kinabaki kitendawili ambacho hakuna aliyekitegua. Kwa wazee mtegaji alichukua mji. Hapa msimamizi akibaki na almasi, maneno yatazaliwa, hata kama ni haki yake. Aseme mapema kwamba zawadi isiyoshindwa inaongezwa kwenye ile ya Jumamosi inayofuata, kisha atoe jibu, na watu wapate usiku mzima wa kusema lilikuwa rahisi.