Saint-Gingolph: kijiji kimoja, inchi mbili, makaburi mamoja

Mto Morge ni mdogo tu. Unashuka kutoka milimani hadi ziwa Léman na kukata kijiji cha Saint-Gingolph vipande viwili: upande mmoja Ufaransa, upande mwingine Uswisi. Wakaaji wa pande zote wanasema Kifaransa.

Mpaka huo uliwekwa mwaka 1569, kati ya Savoie na Valais. Leo kijiji kina viongozi wa aina mbili na feza za aina mbili, euro na franka ya Uswisi. Watu wa duane nao wako hapo. Lakini parokia ni moja. Kanisa na makaburi viko upande wa Ufaransa, na wafu wa upande wa Uswisi wanavuka mto ili kuzikwa huko. Familia za zamani zingali na mapori na malisho kwa pamoja.

Mwezi Julai 1944, wapiganaji wa upinzani walishambulia Wajerumani waliokalia upande wa Ufaransa. Kesho yake Wajerumani walilipiza kisasi: waliua raia, padri akiwemo, na kuchoma nyumba. Wengi waliokoka kwa kuvuka mto tu. Majirani wa Uswisi waliwapokea.

Mwaka 2020, kwa ajili ya Covid-19, Ufaransa na Uswisi zilibana mpaka wao hadi tarehe 15 Juni. Daraja lililookoa watu wakati wa vita likawa, kwa miezi mitatu, kizuizi kati ya ndugu na ndugu.